Silver Top yangu niichanganye na Black Top, au nitafute bloki ya 7A?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Iringa, nina Sprinter Trueno AE101 ya mwaka 1993, gia za mkono, injini 4A-GE ya valvu 20, ile Silver Top. Bado inavuta ila imeanza kula oili, na mlima Kitonga siku hizi unanichosha hasa nikiwa na watu wanne ndani. Kuna jamaa Ilala anauza Black Top ya AE111 iliyotoboka bloki. Anasema hedi, throto, kamshafti na pistoni ni nzima na yuko tayari kuuza kimoja kimoja. Mafundi wamenigawa. Mmoja anasema nichukue pistoni tu kwa kuwa nitazifungua zangu kwa ajili ya ringi. Wa pili anasema throto na kamshafti ndizo zenye nguvu. Wa tatu anasema niachane na hayo yote, nitafute bloki ya 7A niweke hedi yangu juu iwe 1.8. Nishike la nani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla hujatoa hela, kwa sababu kila mmoja wa hao mafundi watatu ana kipande cha ukweli mkononi, na vipande hivyo vikifungwa pamoja bila mpango ndiyo unapata gari inayozidiwa na ile uliyoanza nayo.

Nikupe jibu langu kwanza. Ama uchukue mfumo wa juu wa Black Top mzima, yaani hedi na kamshafti zake, throto zake nne (milango ya kuingizia hewa), waya zake na kontroli boksi yake (kompyuta ya injini), uufunge kwenye bloki yako. Ama uiache Silver Top ibaki Silver Top na uirudishie afya. Pistoni peke yake au throto peke yake hutaisikia Kitonga. Na 7A ni kazi nzuri, mimi naiheshimu, lakini ni mradi wa aina nyingine na bajeti nyingine.

Tuanze na tofauti yenyewe ilivyo. Silver Top iliingia mwaka 1991 na AE101, Black Top ikaingia mwaka 1995 na AE111. Zote mbili kipenyo cha silinda ni milimita 81, mwendo wa pistoni ni milimita 77, ujazo sentimita za ujazo 1,587. Silver Top Toyota waliiandikia nguvu za farasi 160 kwenye mizunguko 7,400 kwa dakika. Black Top farasi 165 kwenye mizunguko 7,800. Nguvu ya kusokota ni ileile, Nm 162, isipokuwa Silver Top inaifikia kwenye 5,200 na Black Top kwenye 5,600. Sasa tazama kazi waliyofanya kupata farasi hao 5: walipandisha kompresheni kutoka 10.5 hadi 11, wakapanua throto kutoka milimita 42 hadi 45, wakabadili kamshafti, wakapunguza uzito wa rodi na flaiwili, wakatoa kipima hewa cha zamani wakaweka sensa ya presha, na kontroli boksi ikaandikwa upya kufuata hayo yote. Kiwanda chenye benchi za majaribio kimebadilisha karibu kila kitu kikavuna farasi 5. Wewe ukichukua kimoja kati ya hivyo unategemea kuvuna ngapi?

Halafu iangalie Nm 162 kwa jicho la Kitonga. Unapanda na abiria wanne, lori liko mbele, umebanwa gia ya pili au ya tatu, na injini iko kwenye mizunguko 3,500 au 4,000. Huko chini Black Top haikuzidi kwa lolote la maana. Kilele chake kimesogezwa juu zaidi. Ni injini tamu kwa anayeipigisha hadi 7,500 kila gia. Kwa mpanda mlima mwenye mzigo, utamu huo hauonekani.

Na kuna mwizi mwingine ambaye mafundi wako hawakumtaja: hewa ya Iringa. Mji wenu uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa huko ni kama asilimia 83 hadi 84 ya ile ya Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo (turbo) inapungua nguvu karibu kwa kiwango hichohicho. Farasi 160 za kwenye karatasi zinakuwa kama 134 hata injini ikiwa mpya kabisa. Yaani mwinuko peke yake unakula zaidi ya mara tano ya kile Black Top inachoongeza. Weka juu yake ringi zilizochoka na valvu zisizofunga vizuri, ndipo utaelewa kwa nini naanzia kwenye afya ya injini.

Kwa hiyo kabla hujamjibu jamaa wa Ilala, ipime injini uliyonayo. Toa plagi zote, kata mafuta yasiingie kwenye injini, kanyaga pedali hadi mwisho ili throto zifunguke, kisha pima kompresheni silinda zote nne injini ikiwa ya moto. Usiogope ukikuta namba ziko chini kuliko za kitabuni, maana kitabu kimeandikwa kwa usawa wa bahari na nyie huko mna hewa pungufu. Kinachosema ukweli ni tofauti kati ya silinda na silinda. Ikizidi baa 1, kuna tatizo. Ile iliyo chini idondoshee kijiko cha chai cha oili kupitia tundu la plagi, upime tena. Ikipanda, ni ringi au silinda. Isipopanda, ni valvu au gasketi.

Moshi nao unasema. Teremka Kitonga bila kukanyaga mafuta, injini ikishikilia gari, halafu kule chini kanyaga ghafla. Mtu aliye nyuma yako akiona wingu la bluu pale unapokanyaga, oili inapita kwenye sili za valvu; na hedi hii ina valvu 20, kwa hiyo ni sili 20 zilizozeeka kwa pamoja. Moshi ukiwa unatoka mfululizo wakati wa kupanda kwa nguvu, hizo ni ringi. Majibu mawili hayo yanatofautiana mno kwa gharama, na nimeona watu wanafungua injini nzima kumbe ni sili za juu tu.

Angalia pia mambo madogo yanayoiba nguvu kwenye 20V (injini ya valvu 20) bila kelele. Throto nne lazima zifunguke sawasawa. Baada ya miaka 30 viungo vyake vinalegea, moja inatangulia na nyingine inachelewa. Zipatanishwe kwa geji ya vakyumu, na kama huna, fundi mwenye sikio zuri anatumia kipande cha mpira cha kusikilizia mlio wa hewa kwenye kila mdomo hadi ifanane minne. Raba zinazoshika throto kwenye hedi zikipasuka zinavuta hewa ya wizi. Na VVT, ile ya kuwahisha kamshafti ya valvu za kuingiza hewa, ikichoka utaisikia asubuhi: puli yake inagonga kama dizeli kwa muda, kisha inatulia. Ikifa kabisa, injini inakuwa nzito katikati ya mizunguko, palepale unapoihitaji mlimani.

Sasa niende kwa fundi wa kwanza, wa pistoni. Hesabu yake ni rahisi na kila mtu anaweza kuifanya. Silinda moja ni kama sentimita za ujazo 397. Kwa kompresheni ya 10.5, nafasi inayobaki juu ya pistoni ikifika kileleni ni kama 41.8. Kwa kompresheni ya 11 ni kama 39.7. Tofauti yote kati ya pistoni hizo mbili ni sentimita za ujazo 2 hivi, chini ya nusu ya kijiko cha chai. Na kumbuka hedi yako ikiwa imewahi kuchongwa uso kwa sababu ya kuchemsha, sehemu ya tofauti hiyo huenda tayari unayo bila kujua. Kwa hiyo kama pistoni zako hazijachanika na silinda ziko ndani ya kipimo, sioni sababu ya kununua pistoni za mtumba zilizotoka kwenye injini iliyolipuka. Nunua ringi mpya, silinda zikwanguliwe alama za msalaba vizuri, ufunge.

Lakini kama silinda zako zimechakaa na itabidi zichongwe, hapo pistoni unanunua upya kwa vyovyote vile, na hakuna ubaya kuagiza za umbo la Black Top za saizi iliyoongezwa. Zichukue zote nne kutoka seti moja, uzipime kwenye mizani pamoja na rodi zake. Rodi za Black Top ni nyembamba na nyepesi. Ukichanganya mbili za huku na mbili za kule umeitengenezea kranki mtetemo, na mtetemo huo kwenye mizunguko 7,500 unakula metali za rodi (bearing zake).

Fundi wa pili, wa throto na kamshafti, ndiye niliyetaka kuzungumza naye kwa kirefu, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapotea.

Silver Top yako inapima hewa kwa kile kisanduku chenye ulimi kilichoko kwenye njia ya hewa baada ya chujio. Hewa yote ya injini inapita pale, inasukuma ulimi, na kontroli boksi inajua ni hewa kiasi gani imeingia. Black Top haina kisanduku hicho. Ina sensa ya presha, mafundi wanaiita mapu, inayosoma vakyumu ya nyuma ya throto. Kisha kontroli boksi inapiga hesabu: presha ni kiasi hiki, mizunguko ni kiasi hiki, kwa hiyo hewa lazima iwe kiasi hiki. Haipimi hewa yenyewe. Inakisia kwa jedwali lililoandikwa kwa injini ileile iliyotoka nayo.

Fuata mantiki hiyo uone inakokupeleka. Ukichukua throto za milimita 45 ukazifunga kwenye Silver Top huku kisanduku cha ulimi kikiwa palepale, umepanua mlango wa chumba na kuacha geti la nje na upana wake wa zamani. Hewa inayoingia ni ileile. Kabla hata ya hapo, chukua gasketi ya throto za Black Top uilaze juu ya mdomo wa hedi yako. Pasipolingana, kila kingo ni ngazi ya kuvuruga hewa kuelekea kwenye valvu, na badala ya faida umepata hasara.

Ukigeuza, uchukue kontroli boksi na sensa ya Black Top uzifunge kwenye Silver Top iliyobaki na kamshafti na pistoni zake, jedwali linakisia hewa ya injini ambayo haipo. Mchanganyiko wa mafuta unatoka nje ya mstari, sehemu nyingine unazidi, nyingine unapungua. Wa kuzidi utanukia kwenye ekzosi na kukumalizia mafuta. Wa kupungua kwenye mzigo mkubwa, mlimani, joto la ndani ya silinda linapanda na pistoni inaanza kuliwa pembeni. Hutasikia chochote hadi siku ya siku.

Kamshafti ndiyo sehemu pekee ambayo Silver Top inaweza kukopa bila kununua ukoo mzima, na sababu ni kile kisanduku cha zamani ambacho kila mtu anataka kukitupa. Kwa kuwa kinapima hewa halisi, ukiweka kamshafti inayofungua valvu zaidi kidogo, kinaona ongezeko na mafuta yanaongezwa kulingana nalo. Kinavumilia. Ila kamshafti haiingii hivihivi. Uwazi wa kila valvu upimwe upya na shimu zake (visahani vya kurekebisha uwazi huo) zibadilishwe, valvu zote 20, na hii ni kazi ya siku nzima kwa fundi asiye na haraka.

Halafu kuna jambo moja ambalo nakuomba usimruhusu fundi yeyote aliruke. Injini hii mkanda ukikatika valvu zinagongana na pistoni. Nafasi kati yao ni ndogo tangu kiwandani. Ukibadili kamshafti, au pistoni, au ukichonga uso wa hedi, nafasi hiyo imebadilika. Chukua udongo laini wa kuchezea watoto, upake mafuta kidogo usigande, uweke kwenye mashimo ya valvu juu ya pistoni moja. Funga hedi na gasketi uliyokwisha itumia, funga mkanda kwenye alama, zungusha kranki kwa spana ya mkono mizunguko miwili kamili, taratibu, na ukihisi kitu kigumu simama hapohapo. Fungua, ukate udongo kwa wembe katikati ya alama ya valvu, upime unene kwa kalipa. Mimi chini ya milimita 1.5 sifungi. Na kipimo hicho kifanyike mara ya pili VVT ikiwa imesogezwa hadi mwisho wa kuwahi na kushikiliwa hapo, maana hapo ndipo valvu za kuingiza hewa zinapoikaribia pistoni zaidi. Anayepima VVT ikiwa imelala amepima nusu tu ya injini.

Ndiyo maana nasema mfumo mzima. Hedi ya Black Top na kamshafti zake, throto zake, sensa yake, kontroli boksi yake na waya zake vinajuana. Ukivifunga juu ya bloki yako yenye kranki yako, na pistoni za kompresheni 11, kwa hakika umejenga Black Top ndani ya bloki ya Silver Top, na namba ya injini iliyochongwa kwenye bloki inabaki ileile iliyoko kwenye kadi ya gari. Huo ni mradi safi. Sharti lake gumu ni waya. Injini nyingi za mtumba, ziwe zimetoka Japani moja kwa moja au zimepitia Sharjah, hufika zikiwa zimekatwa waya kwa mkasi, sentimita chache tu kutoka kwenye plagi za sensa. Kama jamaa wa Ilala hana waya kamili hadi kwenye kontroli boksi, na kontroli boksi ya gari la gia za mkono, basi alichonacho ni chuma tu, na bei iwe ya chuma.

Tena muulize bloki ilitobokaje. Bloki haitoboki yenyewe. Rodi imekatika au metali imeganda kwenye kranki kwa kukosa oili, rodi ikatoka nje. Hedi iliyokuwa juu ya tukio hilo nayo imekosa oili ileile, kwa hiyo usinunue kabla ya kufungua vishikizo vya kamshafti na kuangalia alumini ya chini yake. Ikiwa laini na inang'aa, sawa. Ukiona mistari inayoshika kucha, acha, kwa sababu kamshafti inazunguka moja kwa moja kwenye alumini ya hedi, hakuna metali ya kubadilisha. Silinda ambayo rodi ilikatika, valvu zake tano zitolewe zote na kuviringishwa juu ya kioo. Iliyopinda utaiona inacheza. Pistoni na rodi za injini hiyo mimi nisingezitumia hata kama tatu zinaonekana nzima. Rodi nyembamba iliyowahi kupigwa kishindo cha namna ile ina historia ambayo macho hayaioni.

Hapa nataka kuwaambia neno na wasomaji wengine wenye 4A-GE za valvu 16, maana kwao hatari ya kuchanganya miaka ni kubwa zaidi. Jina ni lilelile, 4A-GE, ila bloki za mwanzo zina mbavu 3 ubavuni na zile za baada ya mwaka 1987 hivi zina mbavu 7. Za mwanzo jeno la rodi, yaani shingo ya kranki inayoshikwa na rodi, ni milimita 40 na pini ya pistoni ni 18. Za baadaye ni 42 na 20. Pistoni nzuri ya kompresheni 10.3 kutoka AE92 ya mwisho haikai kwenye rodi ya AE86 ya mwanzo, na rodi yake haikai kwenye kranki hiyo. Muuza spea atakuapia kwamba ni 4A-GE, na atakuwa anasema kweli. Hesabu mbavu kwanza, kisha toa kalipa mfukoni. Na mwenye 5A-FE ya 1.5 asidanganywe kuwa hedi ya 20V itamfaa: silinda zake ni milimita 78.7, hedi imetengenezwa kwa 81.

Turudi kwako na fundi wa tatu. Bloki ya 7A-FE, ile ya Carina na Corona Premio za 1.8, ina kipenyo kilekile cha milimita 81 lakini mwendo wa pistoni ni 85.5. Ujazo unafika 1,762, ongezeko la asilimia 11, na ongezeko hilo linakuja kuanzia mizunguko ya chini. Kwa mlima hilo ndilo jibu la kweli kati ya yote matatu, na fundi huyo nampa haki yake. Hedi za 4A-GE zinakaa juu yake, na watu wa Australia, Uingereza na Afrika Kusini wamejenga nyingi.

Sikiliza masharti yake. Bloki ya 7A ni ndefu kwenda juu kuliko ya 4A, kwa hiyo mkanda wako wa taimingi haufiki. Unatafutwa mwingine wenye meno yanayolingana na urefu unaotosha, na taimingi ya kamshafti inahakikiwa upya kwa geji, alama za puli peke yake hazitoshi. Pistoni za 7A-FE zimechorwa kwa hedi ambayo valvu zake zimesimama karibu wima. Za hedi yako ya valvu 20 zimepangwa vingine, hazitakuta mashimo yake. Lazima pistoni ziwe za GE zenye pini ya milimita 20. Na ukiweka hizo, kompresheni inapanda yenyewe: silinda sasa ni kama 440, na nafasi ya juu ikibaki 41.8 ileile unafika kwenye 11.5. Za Black Top zitakupeleka juu zaidi, kwenye 12 na kitu. Kwa petroli ya vituo vyetu sikushauri.

Halafu mizunguko. Pistoni ya 4A kwenye 7,800 inasafiri wastani wa mita 20 kwa sekunde. Ya 7A inafikia mwendo huohuo kwenye 7,000 tu. Rodi za 7A zilitengenezwa kwa gari la familia lisilovuka 6,000 mara kwa mara. Ukizitumia za kiwandani, mipaka ya injini ishushwe hadi 6,800 au chini yake. Ukitaka zaidi ya hapo unanunua rodi za chuma cha kufuliwa (forged), na bajeti imeshavuka bei ya gari. Kontroli boksi ya Silver Top haijui kwamba umeongeza ujazo. Kisanduku cha ulimi kitaisaidia sehemu fulani, kisha kitafika mwisho wake, kwa hiyo weka hela ya kontroli boksi inayoandikika na mtu wa kuiandika. Na kadi ya gari ina namba ya injini na ujazo, vyote viwili vitakuwa vimebadilika; nenda TRA na karatasi za bloki mkononi kabla trafiki au bima hawajakuuliza.

Suala la petroli linagusa hata Black Top. Injini hizi zilitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, na huko ya daraja hilo kwa kawaida ni okteni 100. Iringa hewa yako nyepesi inakusaidia, silinda haijai sana kwa hiyo hainoki kirahisi, yaani mafuta hayalipuki ovyo ndani ya silinda. Shuka sasa Mikumi, Morogoro, ufike Chalinze saa nane mchana, hewa nzito na ya moto, kompresheni 11. Sensa ya kunoki itachelewesha moto kuilinda injini, wewe utahisi tu kwamba gari imepoa, na ile faida uliyoinunua imerudishwa yote. Kwa mtu anayeishi Iringa na kushuka Dar mara kwa mara, 10.5 ni namba nzuri kuliko watu wanavyodhani.

Kwa hiyo mwanangu, kwa gari lako na matumizi uliyonieleza, mimi ningefanya hivi. Silver Top ifunguliwe kulingana na majibu ya kompresheni: sili na valvu kusagwa kama ni juu, ringi na metali mpya kama ni chini, VVT itengenezwe, sindano za mafuta zisafishwe, throto zipatanishwe, mkanda mpya na pampu ya maji. Kamshafti za Black Top zichukue iwapo tu jamaa atakuuzia kwa bei ya chini na hazina mistari. Kile kinachobaki kwenye bajeti kiweke kwenye giaboksi. Kama gari halijawahi kubadilishwa klachi na gia ya pili imeanza kukataa, tengeneza hapo, na ukibahatika kuipata ile ya gia 6 aina ya C160 iliyokuja na AE111 za mwisho, ikiwa nzima na viunganishi vyake vyote, hiyo mlimani utaisikia, kwa sababu gia ziko karibu na injini haianguki chini ya mizunguko yake kila unapobadili.

Usimlipe jamaa wa Ilala bado. Pima kompresheni wiki hii, niandikie namba nne kwa mpangilio wa silinda kuanzia upande wa mkanda, ya kavu na ya baada ya kuweka oili, pamoja na picha ya plagi zote nne zikiwa zimepangwa vilevile. Na kwake omba picha ya ndani ya hedi, vishikizo vya kamshafti vikiwa vimefunguliwa, na ya plagi ya waya ya kontroli boksi. Akikataa kufungua vishikizo, hapo huna haja ya kuendelea naye.